Mwili ulio fiti ni upi hasa? Tuache kupimana kwa kifua, jasho na kitambi (uzi mrefu)

Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya mazoezi yanayoletwa humu ni yale yale: kitambi kitaondokaje, kifua kitatunaje, nitapungua kilo ngapi kwa mwezi. Yote yanahusu mwili unavyoonekana. Ni nadra mtu kuuliza mwili wake unaweza kufanya nini, kwa muda gani, na ukishachoka unachukua muda gani kurudi katika hali yake. Kwangu mimi hapo ndipo ufiti ulipo. Mengine ni mapambo, na sina ugomvi na mapambo, ila tusiyape cheo kisicho chao.

Asiyependa maelezo marefu apite, tutakutana kwenye michango.

Nianzie London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Jeremy Morris alikuwa akitafuta kwa nini maradhi ya moyo yanaongezeka. Akayaangalia mabasi ya ghorofa. Kwenye basi moja kuna wafanyakazi wawili: dereva, amekaa zamu nzima, na kondakta, anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Mwajiri mmoja, mji mmoja, maisha yanayokaribiana. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1953: makondakta waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na waliougua, yaliwapata wakiwa na umri mkubwa zaidi na hayakuwaua upesi kama wenzao.

Likaja swali la haki kabisa: labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris na wenzake wakaenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi, wakasoma vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana. Lakini kondakta alikuwa na nafuu yake awe mwembamba, wa wastani au mnene. Kipande hicho nakipenda kuliko vyote, maana kinatenganisha vitu viwili tunavyovichanganya kila siku, umbo na uwezo. Na ngazi zile walizipanda kama kazi. Hakuna aliyekuwa anawahesabia seti.

Wataalamu huugawa utimamu wa mwili katika vipande: pumzi, nguvu, ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, uwiano wa misuli na mafuta, wengine huongeza mizani (kusimama bila kuyumba) na wepesi wa kugeuka. Sitavipitia vyote. Unyumbufu, kwa mfano, sina mengi. Kama unachuchumaa bila kuanguka, unafunga kamba za viatu na mkono unafika mgongoni, unatosha kwa maisha ya kawaida. Kupiga msamba tuwaachie wenye kazi nayo.

Pumzi ndiyo ya kukaa nayo. Watu wakisikia pumzi wanafikiria mapafu. Kwa mtu mzima mwenye afya, mapafu huwa yana akiba. Kinachokubana ukiwa unapanda mlima ni kiasi cha damu ambacho moyo unaweza kusukuma kwa dakika, na uwezo wa misuli kuinyonya oksijeni iliyomo kwenye damu hiyo. Ukifanya mazoezi ya kuhema kwa miezi kadhaa, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, ndiyo maana mapigo ukiwa umetulia yanashuka. Watu wazima wengi wako kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wapo wakimbiaji wa masafa marefu wenye 40. Huko ndani ya misuli vishipa vidogo vya damu vinaongezeka, na mitokondria pia, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye kioo.

Pumzi hiyo inapotea haraka mno. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wenye umri wa miaka 20 wakawalaza kitandani wiki tatu mfululizo. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulishuka zaidi ya robo. Baadaye wakafanyishwa mazoezi, ukarudi. Miaka 30 ikapita, wale wale watano wakapimwa tena wakiwa na miaka 50. Kilo zilikuwa zimepanda, pumzi imeshuka, lakini haikuwa imeshuka kufikia pale ilipofika baada ya zile wiki tatu za kulala. Yaani kitanda kiliwaharibu vijana wa miaka 20 kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakapewa programu ya miezi sita ya kutembea, kukimbia polepole na baiskeli, na kiwango cha pumzi walichopoteza kwa miaka hiyo 30 kikarudi. Mtu akikuambia umri umeshaenda, mkumbushe hao watano.

Sasa imani zetu za mtaani, harakaharaka.

Jasho. Jasho ni namna mwili unavyojipoza, basi. Kilo moja uliyoipoteza kwa kuvaa nailoni na masweta juani ni maji, ukinywa inarudi. Mwisho wa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki tano hivi wakijaribu kupunguza uzito kwa njia hiyo: kujifunika, joto, mazoezi makali, na kujinyima maji. Walikuwa vijana na wanamichezo. Kwa hiyo ukimwona mtu anakimbia na koti la mvua saa saba mchana, mwambie, hata akikununia.

Kukata tumbo. Kunyanyua kiwiliwili mara mia kunaimarisha misuli ya tumbo iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe mwili unayachukua kutoka sehemu mbalimbali kwa utaratibu wake, unaotegemea sana urithi na homoni. Kuna kipimo kizuri cha mwaka 1971 kilichofanywa kwa wachezaji wa tenisi. Mkono mmoja umepiga mpira kwa miaka, misuli imekuwa mikubwa kuliko wa pili, lakini mafuta chini ya ngozi ya mikono yote miwili unene wake ulikuwa sawa. Kama kuna mahali mazoezi ya sehemu moja yangekata mafuta ya sehemu hiyo, ni pale.

Maumivu. Yale ya siku ya pili, unaposhindwa kushuka ngazi, watu wanayasingizia asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi kali. Laktiki inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu yanayokuja baada ya saa 24 na kuendelea hadi 72 yanatokana na michubuko midogo sana ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea, hasa kazi ya kushusha: kuteremka mlima, kushusha chuma taratibu. Ndiyo maana zoezi lile lile wiki ya tatu haliumi tena ingawa bado linajenga. Anayekimbiza maumivu kama ushahidi itabidi abadilishe zoezi kila siku, na hatajenga kitu. Na hapa nisisitize: ukifanya zoezi la kufa mtu, kesho yake misuli imevimba, huwezi kunyoosha mkono, na mkojo una rangi ya kahawia iliyokolea, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Misuli imevunjika hadi mabaki yake yanaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia.

Hatua elfu kumi. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilianzia Japani mwaka 1965 kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa kwa jina la namba hiyo hiyo, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Ni lengo zuri kwa anayeliweza, ila faida inaanza mapema zaidi. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wenye wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa hatua 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500.

Naishia hapo kwanza. Karibuni mnisahihishe.

Mpita Njia

Naweka kambi hapa. Nitasoma jioni.

Chuma Cha Pua

Mkuu, umeandika vizuri ila naona umetuchokoza sisi wa vyuma. Mimi benchi napiga kilo mia, mwili umejengeka, nguo zinakaa. Leo nasoma kwamba hayo ni mapambo? Huyo mwenye pumzi zake akija kuhamisha kabati atamwita nani?

Pumzi Ndefu

Atakuita wewe, na utalibeba. Sijasema nguvu ni mapambo, nimesema mwonekano. Nguvu ni nusu ya habari yenyewe. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa nchi 17, watu karibu 140,000, ambao ulipima kitu kidogo tu: mtu anaweza kubana kifaa kwa kiganja kwa nguvu kiasi gani. Kiganja dhaifu kilitabiri vifo kuliko hata presha ya juu, ile namba ya kwanza. Si kwamba ukinunua kile cha kubana mkononi utaishi milele. Kiganja kinatoa picha ya misuli ya mwili mzima.

Nakuuliza moja tu, kwa heshima: ghorofa nne kwa ngazi, bila kusimama, huku unaongea na simu. Unaweza?

Chuma Cha Pua

Simu nitaipokea nikifika juu.

Pumzi Ndefu

Hahaha. Basi siku mbili kwa wiki ongeza kutembea kwa kasi, baiskeli, chochote cha kukufanya uheme kwa nusu saa. Misuli yako haitayeyuka, hiyo nayo ni hofu ya bure kwa kiwango hicho cha mazoezi.

Mama Wawili

Mimi nina swali la wanawake. Nikienda jimu mkufunzi ananipeleka kwenye vyuma, nami nakimbilia mashine ya kukimbia. Sitaki mabega ya mwanaume. Na nimesikia ukiacha, misuli yote inageuka mafuta.

Binti Mwepesi

Dada, nijibu mimi maana nafundisha wanawake mazoezi. Hofu yako naisikia kila mtu mpya anapoingia. Mwanamke ana testosteroni (homoni inayokuza misuli) kidogo sana ukilinganisha na mwanaume, mara kumi na zaidi pungufu. Wale unaowaona kwenye picha wana mabega yale wametumia miaka mingi, chakula cha kupimwa, na baadhi yao wametumia dawa. Huwezi kuamka asubuhi ukakuta umekuwa hivyo kwa bahati mbaya.

Kinachotokea kwa mwanafunzi wangu wa kawaida ni hiki. Wiki za mwanzo hata umbo halibadiliki, ila chuma kilichokuwa kizito kinakuwa chepesi. Hapo misuli haijakua bado. Ubongo na neva ndivyo vimejifunza kuiamsha misuli mingi kwa pamoja. Utamwona mtu siku ya kwanza anaposimama kutoka kwenye skwati (zoezi la kuchuchumaa na kuinuka) magoti yanaingia ndani, yanatetemeka, anashika paja kwa mkono. Baada ya wiki chache magoti yamenyooka, anapanda bila kufikiria. Paja lake ukilipima ni lile lile.

Na misuli haigeuki mafuta, ni tishu mbili tofauti. Ukiacha mazoezi misuli inasinyaa, na ukiendelea kula kama zamani mafuta yanaongezeka, basi watu wanaona kama kimoja kimekuwa kingine.

Halafu mifupa. Wanawake baada ya kukoma hedhi tunapoteza uzito wa mifupa haraka, na mifupa inahitaji kubebeshwa mzigo ili ibaki imara. Mashine ya kukimbia inasaidia kiasi, vyuma vinasaidia zaidi. Msikilize mkufunzi wako.

Mama Wawili

Asante shosti. Kesho naanza na vile vidogo vya rangi rangi.

Binti Mwepesi

Anza navyo, ila usifunge navyo ndoa. Ukiona unarudia mara 15 na bado ungeweza kupiga stori, ongeza uzito.

Mzee wa Ngazi

Vijana, mimi nimeshapita miaka sabini. Naona mnaongelea vyuma, pumzi, ghorofa nne. Sisi wenye umri huu mnatuambiaje? Kila daktari ananiambia "tembea tembea". Natembea. Lakini kuinuka kwenye kochi bado nashika mkono wa kochi.

Pumzi Ndefu

Shikamoo mzee. Umegusa kitu ambacho nilipaswa kukitanguliza.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini hakumfundishi mtu kuinuka. Kuinuka ni nguvu ya mapaja na makalio, na nguvu hiyo hupungua kila mwaka kama haitumiki. Habari njema ni kwamba haina umri wa kukataa kurudi. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wazee kumi wa makao ya kutunzia wazee, wa miaka 86 hadi 96. Walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, mzito hasa kwa kiwango chao, wiki nane chini ya uangalizi. Nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha kutumia fimbo.

Cha kufanya nyumbani: kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta. Kaa mbele kidogo, vuta miguu nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele, inuka. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe juu, ukizoea, utoe. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa, kwa hiyo usijitupe, keti taratibu. Maagizo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yanataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, juu ya kutembea. Hiyo ya mizani na nguvu ndiyo inayosahaulika.

Ukitaka kujipima: mikono ipishane kifuani, hesabu unainuka mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanaume wa miaka 60 hadi 64 asiyefika mara 14, au mwanamke wa umri huo asiyefika 12, yuko chini ya wastani. Kwa umri wako kiwango kinashuka kidogo. Mizani nayo, simama mguu mmoja sekunde kumi, ila karibu na ukuta au meza, na mtu awepo. Utafiti uliotoka 2022 kwa watu wa miaka 51 hadi 75 ulikuta walioshindwa sekunde hizo kumi walikuwa na hatari ya kufa karibu mara mbili katika miaka iliyofuata.

Mzee wa Ngazi

Marahaba. Nimejaribu hapa hapa. Mguu wa kulia nimefika kumi, wa kushoto nimefika nne nikashika kabati.

Chuma Cha Pua

Mzee shikamoo. Mimi nimejaribu baada ya kusoma, wa kushoto na mimi unayumba. Aibu.

Mpita Njia

Nimesoma yote. Mimi ni mpinzani. Tunawajua watu waliokuwa wanakimbia kila asubuhi wakadondoka. Na wanaokaa tu wanafika tisini. Mazoezi ni biashara ya watu wa jimu. Halafu kukimbia kunamaliza magoti.

Pumzi Ndefu

Karibu mpinzani, uzi ulikuwa unakosa chumvi.

Mfano maarufu wa hoja yako ni Jim Fixx wa Marekani, aliyewahamasisha watu wengi kukimbia miaka ya 1970. Alikufa akikimbia mwaka 1984, ana miaka 52. Walipompasua wakakuta mishipa ya moyo imeziba vibaya. Lakini soma historia yake yote: alikuwa mvutaji sigara na mnene kabla ya kuanza kukimbia, na baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35, akafa akiwa na 43. Fixx aliishi miaka tisa kumpita baba yake. Siwezi kusema mbio ndizo zilizompa miaka hiyo, mtu mmoja hathibitishi kitu. Kwa sababu hiyo hiyo, kifo chake nacho hakithibitishi hoja yako, wala mzee wa miaka tisini asiyefanya mazoezi.

Ninachokubali ni kwamba pumzi nzuri si kinga dhidi ya kila kitu. Unaweza kukimbia kilomita 20 na bado una presha, au mafuta mabaya kwenye damu. Vipimo vya hospitali vina kazi yake, na mazoezi hayafuti sigara.

Magoti: wanaokimbia kwa kujifurahisha hawajaonekana kuwa na magoti mabovu kuliko wasiokimbia. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, haina mishipa ya damu, inapata lishe yake kwa kubanwa na kuachiwa, kwa hiyo mwendo unaihudumia. Wanaoumiza magoti mara nyingi ni wale waliotoka sifuri wakataka kilomita kumi ndani ya wiki, au wenye jeraha la zamani lisilotibiwa.

Na la biashara, hapo niko upande wako nusu. Ngazi, kiti, na ukuta wa kusukuma havina kiingilio. Dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuhema kiasi ndizo zinazopendekezwa kwa mtu mzima, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu, na siku hizi hata sharti la zamani la dakika kumi kumi mfululizo limeondolewa. Dakika tatu za ngazi zinahesabika.

Mpita Njia

Sawa, nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nitaijibu nikipata data.

Kimya Kingi

Samahani kuuliza la binafsi. Natumia dawa za presha, beta-bloka. Nimenunua saa ya mkononi, inasema kwa umri wangu nifikishe mapigo 140. Sifiki hata 115, nahema sana. Nijikaze?

Binti Mwepesi

Usijikaze! Dawa hizo kazi yake mojawapo ni kuyazuia mapigo yasipande. Saa inapiga hesabu ya 220 kutoa umri, ambayo hata kwa asiyetumia dawa inaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini. Kwako wewe haifai kabisa.

Tumia mdomo wako. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali sahihi. Ukibaki na neno moja moja, punguza. Kwenye vyuma usibane pumzi wakati wa kunyanyua, toa hewa unaposukuma, maana kubana kunapandisha presha ghafla. Usisimame ghafla ukimaliza, tembea taratibu dakika tano, hizo dawa zinaweza kukupa kizunguzungu. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, unaacha papo hapo na kutafuta msaada. Na ukienda kliniki mwambie daktari umeanza mazoezi, kipimo cha dawa huenda kikahitaji kuangaliwa upya. Usikipunguze mwenyewe.

Kimya Kingi

Ubarikiwe. Saa nimeizima hiyo alama ya mapigo, nimebakiza ya kuonyesha muda.